Mikono ya Masanja

Vijana wangu mnaoanza kazi pale kituoni, jina langu la utani mtalisikia kabla hamjaniona. Pita stendi ya Mhunze, kule Kishapu, muulize yeyote, "Mzee Maduhu unamfahamu?" Atakujibu, "Maduhu yupi? Yule Mtenga Watu?" Halafu atacheka, na aliye jirani yake atacheka pia. Wanacheka mpaka leo, wakati mimi nimeshastaafu na nimehamia Geita, ninaishi Kalangalala kwenye nyumba yangu mwenyewe yenye vigae na geti la chuma. Nilipoombwa niwaandikie mambo ya kazi yetu, nilitaka nianze na stashahada yangu. Lakini kama jina litafika kwenu kabla ya stashahada, afadhali lifike kwa mdomo wangu, na lifike zima.

Hata hivyo stashahada nitaitaja, msinikataze. Niliondoka Kishapu na ndala zilizofungwa kwa kamba, kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe wa watu wengine. Dar es Salaam nililinda mageti, nikaosha magari, nikauza maji ya kunywa, na darasani nikakaa na watoto wa wakubwa nikawapita. Stashahada ya ustawi wa jamii, kwa jasho langu, bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Niliporudi nyumbani nilirudi na begi la magurudumu. Ilikuwa masika, magurudumu yakanasa kwenye ule udongo wetu mweusi kabla sijafika hata kwenye mti wa kwanza, nikalibeba begi kichwani kama mzigo wa kuni. Walionicheka siku ile baadaye waliniletea ndugu zao niwalee.

Kituo chetu ni cha mchana, cha watu wazima wenye ulemavu wa akili. Neno la kushika hapo ni "watu wazima". Nkwimba, ambaye mtamkuta akisokota kamba za katani kwenye kona yake, ana umri wa kuitwa bibi. Ukimwita "mtoto mzuri" atakugeuzia mgongo mpaka saa ya uji, na haki itakuwa yake. Mpe shikamoo yake, umpe na kazi yake, mtaelewana. Hilo sikulisoma popote. Nilipewa mgongo, nikanyimwa na uji, mpaka nikalijua.

Naye Masanja alikuwa na kazi ya kusalimia. Hakupangiwa na mtu. Alikuwa mwanaume wa makamo, mrefu, mabega ya mtu wa jembe, na kila asubuhi alisimama getini kabla mwenye funguo hajafika. Ukiingia, anaukamata mkono wako kwa mikono yake yote miwili, hauachii.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka mhola, Masanja."

"Ng'ombe hawajambo?"

"Sina ng'ombe mimi."

"Hawajambo?"

"Hawajambo."

Hapo ndipo anapokuachia. Ofisa aliyetoka mkoani, fundi bomba, mama wa mboga, wote walipita kwenye mikono ile, na wote ng'ombe wao hawakuwa na jambo. Asiyesalimiwa na Masanja alijihisi hajafika kazini. Maneno yake yalikuwa machache na mazito mdomoni, herufi nyingine zilipotelea njiani, lakini salamu ilitoka nzima.

Ndipo ikaja korona. Shule zikafungwa, na wenye kituo wakaamua na sisi tufunge, kwa sababu baadhi ya watu wetu wana vifua dhaifu na mioyo yenye matatizo. Uamuzi ulikuwa sahihi. Kazi ya kuutangaza nikapewa mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kusema Kiswahili kilichonyooka kama changu. Nilivaa koti. Nilisimama juu ya benchi. Nilikuwa nimesikiliza redio usiku na mchana, nikayakusanya maneno ya watangazaji nikayapanga kama sahani kabatini.

"Ndugu zangu," nikasema, "ugonjwa hatari umeingia. Kuanzia leo, tunatengana. Kila mmoja atatengwa nyumbani kwake. Hakuna kusalimiana kwa mikono. Hakuna kula sahani moja na jirani. Hakuna kufika hapa mpaka mtakapoitwa. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," wakajibu wote, kwa sauti ya chini.

Nikaona ni utulivu. Nikajisifu moyoni kwamba nimewaambia habari mbaya na hakuna aliyelia.

Masanja alikuwa mbele kabisa. Akaniuliza neno. Mimi nilisikia, "Tufanye nini?" Swali zuri, nikafurahi kwamba yeye ndiye ameliuliza.

"Mikono, Masanja!" nikamjibu, nikainua yangu juu wote waione. "Mikono ndiyo inayoleta balaa hili lote. Mikono!"

Akaitazama mikono yake, upande wa juu, kisha viganja. Akaiingiza makwapani, akaondoka bila kuniaga.

Sasa niwaeleze kidogo kazi tuliyoifanya baada ya hapo, maana katika hiyo sina aibu. Kuwaweka watu pamoja wakati kila mmoja yuko kwao si kazi ndogo, na mimi niliifanya vizuri kuliko wengi. Simu nilizipiga kila siku. Nilijifunza kwamba kwa watu wetu saa haina maana, tukio ndilo lina maana: mpigie huyu ng'ombe wanapotoka zizini, yule baada ya uji. Ukichelewa, anajua umemwacha. Nilijifunza kutomuuliza mtu "Unajisikiaje?" Hilo ni swali la hospitali. Muulize amekula nini, kuku ametaga wapi, jirani amegombana na nani, utaipata hali yake yote bila kuiuliza. Nilirekodi mlio wa ile ringi ya gari tunayogonga kama kengele, na sauti ya mpishi wetu akifokea mbuzi, nikaziweka kwenye kadi za memori za redio ndogo, nikazisambaza kwa bodaboda. Mama mmoja alinisimulia kwamba mwanawe alilala na redio ile kifuani, akicheka kila mbuzi alipofokewa.

Makosa yalikuwepo, tena mengine matamu. Mara ya kwanza nilipompigia Nkwimba simu ya picha, kwa simu ya mpwa wake, aliuona uso wangu umo ndani ya kioo, akafurahi kupita kiasi. Nilipomwambia "Haya, kwaheri", akasema, "Yaya! Hapana, huendi." Akanifungia ndani ya debe la unga wa dona na kifuniko juu. Nilibaki gizani nikiita, "Nkwimba! Mama Nkwimba, nifungulie!" naye nje akiwaambia watu, "Maduhu yupo. Maduhu amelala kwetu." Tangu hapo nikajua simu nayo ina namna yake ya kuaga. Lazima uage polepole, mara mbili au tatu, kama unavyomuaga mtu anayekusindikiza, mpaka yeye mwenyewe aseme nenda.

Kwa hiyo simu zilikwenda, redio zilikwenda, watu walicheka. Isipokuwa nyumba moja.

Masanja aliishi kwa dada yake mkubwa, Mama Kulwa, ambaye aliuza mchele sokoni Mhunze na ulimi wake haukuwa na kawa. Nilipompigia mara ya kwanza, mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba, Mama Kulwa. Masanja yupo?"

"Yupo. Hataki simu."

"Mwambie ni mimi."

"Nimemwambia ni wewe. Ndiyo maana hataki."

Nikadhani ni haya za siku za mwanzo. Nikapiga tena, na tena. Wiki ikapita, nyingine ikafuata. Mama Kulwa akaanza kupiga yeye.

"Baba Neema, ndugu yangu hali. Nyumba haina raha. Hagusi ugali kwa mkono wake, mpaka nimlishe kwa kijiko, na kijiko chenyewe anapokea viwili vitatu, anafunga mdomo. Suruali inamshuka. Wageni wakija anakimbilia nyuma ya ghala. Masanja huyu! Aliyekuwa anasalimia hadi mbwa!"

"Na mikono anaifanya nini?"

"Ananawa. Akimaliza kunawa, ananawa. Mche mzima wa sabuni umeishia kwenye mikono ya mtu mmoja."

Nikafurahi. Naandika hili uso ukiniwaka. "Vizuri sana!" nikasema. "Angalau somo la kunawa limemwingia."



"Bwana Stashahada," akasema Mama Kulwa, "ile karatasi walikupa darasani, au uliiokota njiani?"

Nilichukia. Mtu aliyelinda mageti ya watu ili asome hapendi kuulizwa hivyo. Nikaazimia kumwonyesha. Nikamrekodi Nkwimba kwa simu akiimba wimbo nilioutunga mwenyewe, wimbo wa kuchangamsha, wenye kiitikio cha "Mikono, mikono, mikono ndiyo balaa". Ulikuwa mzuri. Nyumba nyingine waliucheza wakipiga makofi. Kadi ya Masanja nikaipeleka kwanza kuliko zote.

Kesho yake Mama Kulwa akapiga, na safari hii hakunitania wala hakuniamkia. "Njoo," akasema. "Amefunga mikono kwa kitenge, amekataa hata kijiko. Njoo umwangalie mtu wako."

Nikachukua bodaboda. Kwao ni nje ya Mhunze, nyumba ya bati yenye ua wa minyaa, na zizi upande wa chini. Nilisimama nje ya ua, barakoa usoni, kama nilivyowafundisha wengine. Nikaita jina lake. Nilitegemea atakimbilia nyuma ya ghala, lakini alitokea. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeviringishwa kitenge kama mtu aliyeungua. Katikati ya viwiko vyake alibana kuku jike, mweupe, aliyefungwa miguu.

Akaja mpaka kwenye mwanya wa ua. Akamweka kuku chini, upande wangu. Akarudi nyuma kinyumenyume, akachuchumaa, akainamisha kichwa.

"Nimelipa," akasema. "Mikono imeacha."

Vijana, ninyi wengine mmetoka mbali, au mmezaliwa mjini, ngoja niwaeleze. Huku kwetu Usukumani kutengwa si neno la daktari. Ni hukumu. Mtu akikosea kijiji kosa kubwa, kijiji kinakaa, kinamtenga. Kuanzia siku hiyo hasalimiwi. Hapewi moto. Hakuna wa kula naye sahani moja, wala wa kukanyaga kwake, wala yeye hakanyagi kwa mtu mpaka aitwe. Akitaka kurudi, analipa, ng'ombe au mbuzi kwa kadiri ya kosa, watu wanakula pamoja, yanaisha. Sasa rudini mkayasome maneno yangu ya juu ya benchi. Nilikuwa nimewasomea hukumu, kifungu kwa kifungu. Na wao wakajibu, "Tumeelewa", kwa sauti ya chini. Walikuwa wameelewa vizuri sana.

Masanja hakuniuliza "Tufanye nini?" Aliuliza, "Tumefanya nini?" Na mimi nikamjibu: mikono.

Na kuna jambo la kunikata maini zaidi ya hayo. Mimi si mgeni wa neno hilo. Nikiwa mdogo, yowe la wezi wa ng'ombe lilipigwa, baba yangu alikuwa na homa hakutoka, na asiyetoka kwenye yowe huhesabiwa mkosaji. Tulitengwa. Namkumbuka mama akisimama na gae la kuombea moto mkononi mbele ya jirani aliyekuwa akikoka moto, na jirani akiendelea kukoka kama aliyesikia upepo. Mimi nilikwenda kwa wenzangu machungani, nikawaambia "Mwangaluka", wakawaambia ng'ombe wao wageuke. Baba alilipa, yakaisha, lakini nadhani ndala zangu zilianza kwenda Dar es Salaam siku ile. Nilikwenda kutafuta maneno mapya. Nikayapata mengi, na hilo moja la zamani nikalisahau, nikarudi nalo nikalitupa juu ya vichwa vya watu ambao hawana namna ya kujitetea.

"Masanja," nikasema, "hujatengwa. Hujakosa kitu. Ni ugonjwa."

"Ulisema," akajibu, bila kuinua kichwa.

"Nilikosea kusema."

"Ulisema. Kwenye benchi."

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kisukuma changu kilichopata kutu, nikachora virusi hewani kwa kidole. Kila nilipomaliza alimsogeza kuku kwa mguu, akamleta karibu yangu zaidi. Mama Kulwa, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote mikono kiunoni, sasa naye alikuwa ameelewa.

"Ulimtenga," akasema taratibu. "Nilidhani kagombana na mtu huko kituoni. Kumbe wewe ulimtenga ndugu yangu." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeshukuru. "Ulimtenga mbele za watu, sasa unataka kumtengua hapa uani kwa kunong'ona? Ni wapi umeona?"

Hilo hata mimi nililijua. Hukumu ya hadhara haifutwi kwa maelezo. Inafutwa kwa hadhara.

Tukamwita mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Limbu, akaja na kigoda chake na barakoa iliyoning'inia kidevuni. Aliposikia, alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akamwona Masanja, akaacha. Mikutano ilikuwa imekatazwa, kwa hiyo hadhara yetu ilikuwa hivi: yeye juu ya kigoda upande ule wa ua, mimi nimesimama mwanyani, majirani kila mmoja kwenye ua wake, na simu yangu juu ya kinu, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Niliwapigia wenzake wote niliowapata, nikawaunganisha mmoja baada ya mwingine. Simu ikajaa kuku, watoto na kikohozi cha mtu.

"Nani alimtenga huyu?" akauliza Mzee Limbu kwa sauti ya kikao.

"Mimi, Maduhu."

"Kwa kosa gani?"

"Hana kosa."

"Hana kosa la mikono?"

"Mikono yake haina kosa lolote. Kosa ni la mdomo wangu."

"Mmesikia huko kwenye simu?"

"Tumesikia!" Na juu ya sauti zote, sauti ya Nkwimba: "Sisi je?"

Ndipo nikajua kwamba hakuwa Masanja peke yake. Wengine walikuwa wakicheka na mbuzi wa redioni, wakicheza wimbo wangu, na bado kila mmoja kwa namna yake alikuwa akingoja aambiwe kosa. "Na ninyi," nikasema. "Wote. Hakuna aliyekosa." Nilikuwa nimeshawapigia simu zote zile, nimewauliza kuku ametaga wapi, na hilo sikuwahi kuwaambia.

"Haya," akasema Mzee Limbu. "Anayetenga watu bila kosa, hufanywaje?"

"Atengwe yeye!" akasema Nkwimba, na simu nzima ikacheka.

"Masanja, mwenye kesi ni wewe. Atengwe?"

Masanja aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Kisha akaonyesha kwa mkono uliofungwa kitenge, jiwe lililokuwa karibu na mlango wa zizi, upande wa nje.

"Akae pale. Asisalimiwe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ng'ombe warudi."

Basi nikakaa. Mtu wa stashahada, mwenye koti, juu ya jiwe la zizi, kinyesi cha ng'ombe mbele na jua kichwani. Mwanzoni nilidhani ni mchezo, nikatabasamu. Watu walipita njiani, nikawaamkia, wakatazama mbele. Nilimwamkia mzee mmoja mtu mzima kabisa, "Shikamoo, baba," shikamoo yangu ikaanguka mavumbini haikuokotwa. Mama Kulwa aliwapa watu maji, akanipita. Tabasamu liliisha. Nilijua kabisa ni kwa muda, nilijua sababu, nilijua mwisho wake, na bado kufika alasiri nilikuwa natazama chini kama yule mtoto aliyegeuziwa ng'ombe machungani. Masanja hakuwa na kimoja kati ya hivyo vitatu. Kiumbe pekee aliyenisogelea alikuwa yule kuku mweupe, aliyekuwa amefunguliwa, akadonoa kamba za viatu vyangu. Naye alikuwa faini.

Ng'ombe walirudi na vumbi lao. Walipokwisha kuingia, Masanja akatoka. Alikuwa akifungua kitenge, mkono mmoja kisha mwingine, akikiacha kianguke njiani. Mikono ilikuwa imepasuka, myeupe kwenye vifundo, imechanika kwa sabuni. Akasimama mbali kidogo, palepale ambapo Mama Kulwa alikuwa amemchorea mstari kwa kisigino, akaninyooshea yote miwili hewani, kama anayeshika mkono usiokuwepo.

"Mwangaluka!" akasema. Jua lilikuwa linazama, na ile ni salamu ya asubuhi. Alikuwa ameihifadhi muda wote ule.

"Mwangaluka mhola, Masanja."

"Ng'ombe hawajambo?"

Niligeuka kwanza kuwatazama wale wa zizini.

"Hawajambo?" akarudia, kwa wasiwasi.

"Hawajambo," nikasema. "Hawajambo kabisa."

Kuku akachinjwa, kwa sababu Masanja alikataa abaki: cha kulipia hakirudi nyumbani. Tukala kila mmoja na sahani yake, mbalimbali. Masanja alinawa mara moja, Mama Kulwa akimhesabia kwa macho, akamega ugali kwa mkono wake, akachovya, akala. Akamega tena. Dada yake akaingia ndani ghafla, akasema amesahau chumvi, na chumvi ilikuwa mezani. Firigisi, ambayo ni ya mgeni wa heshima, Masanja aliagiza iwekwe kwenye sahani yangu. Nimekula kwenye hafla kubwa na wakubwa, lakini sijawahi kula kitu kigumu kumeza kama firigisi ile.

Mnaona basi jina langu lilivyozaliwa. Mnalotakiwa kubeba ni hili. "Mmeelewa?" si swali. Mwombe mtu akurudishie kwa maneno yake ulichomwambia, na asipoweza kwa maneno akuonyeshe. Mtu akikuuliza kitu na hukusikia vizuri, sema hukusikia. Mimi niliona aibu kumwambia Masanja arudie, nikidhani namheshimu. Na kabla hujatumia neno la redioni, liulize kwanza linafanya kazi gani kijijini.

Baada ya siku ile Masanja ndiye aliyeanza kazi ya simu. Mama Kulwa alimbonyezea, yeye akasalimia, nyumba moja baada ya nyingine, kila asubuhi, mpaka kituo kilipofunguliwa. Watu wakala, wakachangamka, hata vikohozi vikapungua, au niliona hivyo. Baadaye walikuja wageni kutoka mkoani kujifunza utaratibu wetu wa salamu. Nilikuwa nimevaa koti lilelile, nimeandaa hotuba. Mmoja akauliza, "Wazo hili lilianzaje?" Nikafungua mdomo. Nkwimba akawahi, "Maduhu alitutenga!" Ukumbi ukacheka, na mimi nikakaa chini na hotuba yangu.

Sasa nipo Kalangalala. Mwanangu Neema yuko Mwanza na kazi zake, mama yake alishatangulia mbele ya haki. Majirani zangu ni wa migodini, wanaondoka kukiwa giza na kurudi wamechoka. Geti langu ni zuri mno, watu wanadhani humu ndani kuna mtu asiyehitaji kitu. Masika fulani nilikaa wiki nzima bila kuonana na mtu, mchana kutwa nikizungumza na redio tu. Asubuhi moja simu ikalia, kama Masanja anavyonipigia kila asubuhi.

"Mwangaluka, Maduhu!"

"Mwangaluka mhola."

"Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo."

Kawaida hapo huaga, polepole, mara tatu. Siku ile hakuaga. Nadhani aliisikia sauti yangu.

"Umetengwa?"

"Hapana, Masanja. Sijatengwa."

"Nani kakusalimia?"

Nikalitazama geti langu dirishani.

"Ngoja," akasema, akakata.

Nikasimama jikoni na simu mkononi, uji unapoa. Ikalia. Alikuwa Nkwimba, akitaka kujua kama niko nje au niko ndani ya debe. Nilipomaliza naye, ikalia tena.